Ubao wa Baba

Baba aliuchonga kutoka ubavu wa mfenesi,
ule ulioangukia banda la mbuzi mwaka wa mvua nyingi.
Akaupaka chokaa, akauandika kwa wino wa masizi,
herufi nene, hata mtoto wa chongo aisome:
Bismillahi.
Akautundika kwa msumari mmoja mlangoni pa chuo,
Kangagani, pale njia inapopinda.

"Wanaingia mbio," alisema.
"Wakiuona watapunguza mwendo,
wakipunguza mwendo watakumbuka waja kwa nani."
Basi. Ubao ulikuwa tuta la barabarani.

Alifariki mfungo tano.
Siku ya arubaini Bi Mkasi alinyoosha mkono,
akagusa pembe ya ubao, akajipangusa uso.
Nilidhani anamlilia Baba.
Nami nikalia.

Wiki ile mjukuu wake akapona surua.
Nesi wa Wete alikwisha sema itapona,
lakini nani amtundike nesi mlangoni?

Wakaja wa mtaani, wakaja wa Ole,
ikaja gari nzima kutoka Mkoani.
Wakaufunika kitambaa cha kijani, vumbi lisiukere.
Wakauwekea chetezo, kitambaa kinukie.
Wakaweka sahani ya pesa, ubani usikatike.
Kila jambo na sababu yake, na kila sababu njema.
Hakuna aliyeamka siku moja akasema:
leo tuabudu mbao.

Kisha wakasema watoto wana kelele.
Chuo kikahamishiwa barazani kwa Hamad Ngwali,
watoto wale wale
ambao ubao ulichongwa kwa ajili yao.

Siku ya kuuosha kwa marashi,
lipatikane kombe la wagonjwa kumi na wawili,
waliugeuza.
Nami nikauona mwandiko wa Baba, ule wake wa haraka,
kwa wino ule ule:
*Sleyum. Mafuta ya taa chupa mbili.
Sabuni mche mmoja. Sukari robo.
Karafuu zikikauka, nitalipa.*

Maji yakapita mbele, yakapita nyuma,
yakaingia bakulini meusi.
Wakanywa Bismillahi, wakanywa na deni.
Sleyum mwenyewe alikuwamo kwenye foleni.
Alisimama, akasoma, akatazama chake kikichuruzika,
akapokea kikombe, akanywa,
akasema alhamdulillahi.

Ubao ukarudi msumarini mtupu,
mweupe kama yai.
Hakuna aliyefunua kitambaa kuangalia.

Ningesema, ningeitwa mwana asiye na radhi.
Nikanyamaza, nikajiona mwerevu.
Hadi usiku ule Shaame wangu alipochemka homa,
macho yamegeuka, meno yamefungana.
Nilitoka nje peku.
Mkono wangu ulikwisha kamata pindo la kijani
kabla ulimi haujasema Ya Rabbi.
Mimi. Niliyejua hakuna kitu mle.

Niliungoa pale pale, nikaingia nao kwapani.
Nikamkanda mtoto kwa maji, nikaomba hadi adhana
kwa maneno yangu mabovu, yasiyo na mwandiko.

Kulipokucha Bi Mkasi akapita, kama kawaida yake.
Akanyoosha mkono, akapapasa.
Akagusa msumari.
Akajipangusa uso.

Sikumcheka. Ningemcheka kwa uso gani?

Nilifungua pindo la kanga, nikaenda dukani.
"Nimeleta deni la Baba."
Sleyum alikuna kidevu.
"Deni gani? Lile si tulilinywa?"
Nikaziweka noti juu ya mizani.
Arubaini imepita, na miezi saba juu yake,
tumemfukizia udi, tumemvika kijani,
na hakuna hata mmoja wetu
aliyemfungulia maiti kamba ya robo ya sukari.

Alizihesabu mara mbili.
Kisha, bila kutazama juu ya mlango wowote,
akasema Bismillahi,
akafungua mkebe.